Kuotesha maua ya nyumbani kwa vipandikizi hapa Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mgeni akiingia kwetu Tudor, jicho lake la kwanza huenda kwenye mani planti iliyotambaa juu ya mlango mpaka dirisha la jikoni. La pili huenda kwenye chupa zilizopangwa dirishani, kila moja na kijiti chake cha kijani. Kisha maswali huanza. Nimeyajibu barazani, kwenye simu na hata ndani ya matatu, nikaona bora niyaandike. Nimekuwa nikiotesha kwa miaka 12, kwa joto la hapa na maji ya hapa. Nasema "ya hapa" kwa sababu maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikiwa watu wa nchi za baridi, wanaohangaika kupasha vyungu joto na kufunika miche kwa nailoni ili ipate unyevu. Sisi joto tunalo, na unyevu tunao mpaka nguo haikauki. Yanayotuulia mimea ni mengine: chumvi, jua, maji mengi na haraka.

Kipandikizi ni nini hasa, na nikate wapi?

Ni kipande cha mmea mzima kinachoweza kutoa mizizi na kuwa mmea mwingine. Mkulima wa Kilifi anapokata mti wa muhogo vipande vipande ili apande, anafanya jambo hilo hilo.

Chukua utepe wa mani planti, upitishe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Kila jani linapotokea utahisi uvimbe mdogo unaozunguka shina, kama fundo la muwa baina ya pingili mbili. Hicho ni kifundo. Geuza upande wa pili wa jani, utaona kinundu cha rangi ya kahawia kimechomoza kama ncha ya penseli. Huo ni mzizi wa hewani, umekaa unangoja kuguswa na maji. Na kwenye kwapa la jani, pale kikonyo kinaposhikana na shina, kuna jicho ambalo litatoa chipukizi jipya.

Kata sentimita 1 au 2 chini ya kifundo, kwa kisu kikali au wembe. Kipande chenye vifundo viwili na jani moja au mawili kinatosha. Jani la chini liondoe, kwa sababu likizama majini litaoza na kuharibu maji yote.

Makosa niliyoyaona zaidi ya mengine yote ni mtu kuchuma jani tupu la mani planti, bila kifundo, akalitia kwenye glasi. Jani hilo linaweza kukaa kijani kwa miezi, hata likatoa mizizi, naye kila siku analichungulia kwa matumaini. Halitatoa chipukizi kamwe. Halina jicho.

Nianze na mmea gani?

Mani planti, bila kufikiria mara mbili. Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea, katika Polinesia ya Ufaransa. Ni nadra mno kutoa maua, kwa hiyo karibu mani planti zote unazoziona majumbani, kutoka Likoni mpaka Mtwapa, ni vipande vilivyokatwa kutoka kwa vipande vingine, vikapita mkono hadi mkono. Ukishaizoea hiyo, nenda kwa difenbakia, yenye majani mapana ya madoadoa, na monstera, yenye majani makubwa yaliyotobokatoboka. Zote hizo hukatwa kwa mtindo mmoja wa kutafuta kifundo.

Niweke kwenye maji au kwenye udongo?

Anayeanza namshauri maji, kwa sababu anaona kinachoendelea. Siku ya 7 au ya 10 utaona kile kinundu cha kahawia kimepasuka na ncha nyeupe imetokeza, ndogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Mimi mpaka leo nikiiona huita watu wa nyumbani waje watazame.

Udongo una faida moja kubwa: mizizi inayoota humo inazaliwa ikiwa imeshauzoea, haihitaji kuhamishwa. Sansiveria, ile yenye majani marefu kama panga, na zamiokulka, nitakayoieleza chini, naziotesha kwenye udongo tu, maana shina na majani yake ni manene, yamejaa maji tayari, na chupani huoza upesi.

Maji ya bomba hayaji, ya kisima yana chumvi. Nifanyeje?

Hili ndilo swali kubwa la Mombasa, na ndilo lililoniumiza zaidi.

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na bahari iko pande zote. Ukivuta maji mengi kisimani, ya bahari husogea kujaza nafasi. Maji matamu ya mji huu hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Bomba likikatika, majengo hurudi kwenye kisima, na sisi tunarudi kuoga na chumvi.

Binadamu atavumilia, lakini kipandikizi hakina hata mzizi. Kinakunywa kupitia kidonda. Chumvi iliyo nje ya kidonda huvuta maji yaliyo ndani yatoke, kama vile chumvi inavyolitoa maji embe bichi unapotengeneza achari. Kipandikizi kinakauka huku kimesimama majini. Wakati mmoja bomba lilikauka wiki mbili, nikajaza chupa zangu 9 maji ya kisima cha jengo, nikidhani ni ya kupitisha siku tu. Siku ya 5 kingo za majani zilikuwa kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni. Mizizi iliyokuwa myeupe ikawa na rangi ya chai. Katika zile 9 nilinusuru 2.

Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua na chumvi hubaki, kwa hiyo unapata yenye chumvi zaidi. Ninachofanya sasa ni hiki. Wakati wa masika nakinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Mvua ya kwanza naiacha ipite ioshe vumbi na kinyesi cha kunguru, ndiyo naweka pipa, na pipa nalifunika. Kiangazi kikiingia natumia maji yanayodondoka kutoka kwenye AC. Yale ni unyevu wa hewa uliopozwa ukageuka matone, hayana chumvi, na AC moja ikifanya kazi usiku kucha inajaza ndoo. Kama huna AC, muombe jirani mwenye nayo. Atashangaa, lakini atakupa. Na ukinunua maji ya mkokoteni, onja kabla hujalipa. Ulimi ukishtuka, mmea nao utashtuka.

Maji ya bomba yanaponuka dawa, yaache kwenye ndoo wazi usiku mmoja. Hiyo harufu ya klorini ni jambo dogo ukilinganisha na chumvi.

Chupa za maji ndani ya nyumba hazileti mbu?

Zinaleta, na naomba jibu hili lisirukwe.

Mbu wa Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, hapendi mitaro michafu. Anapenda maji safi yaliyotulia kwenye vyombo vidogo kivulini. Yaani anapenda hasa kile tunachokiweka dirishani. Ndiye anayeambukiza homa ya kidingapopo, iliyolipuka hapa Mombasa 2013, na chikungunya, iliyotupiga mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Aliyeugua chikungunya hahitaji kuelezwa. Jina lenyewe ni la Kimakonde, la kupinda, kwa vile mgonjwa anavyotembea amejikunja kwa maumivu ya viungo.

Kutoka yai hadi mbu anayeruka, kwa joto letu, ni kama wiki moja hadi siku 10. Mimi hubadilisha maji mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Ijumaa, bila kukosa. Kubadilisha peke yake hakutoshi. Mbu huyu hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake hukaa makavu miezi kadhaa yakingoja. Kwa hiyo sugua ukuta wa chupa kwa brashi au kitambaa. Maji ya zamani mwaga juu ya udongo mkavu, usiyamwage kwenye beseni au sahani ya chungu. Mdomo wa chupa uzibe kwa pamba au kipande cha chandarua kilichozungushwa kwenye shina. Chupa ndefu za marashi ni nzuri kwa hili, maana shingo yake ni nyembamba na shina lenyewe linakaribia kuziba.

Kama unasafiri wiki mbili kwenda bara na hakuna wa kubaki, vitie vipandikizi vyote kwenye udongo kabla ya kuondoka. Ukivipoteza utakata vingine.

Kubadilisha maji kunaufaa mmea pia. Mizizi inahitaji hewa, na maji yenye joto hushika hewa kidogo kuliko ya baridi. Maji yaliyolala siku nyingi dirishani mwa Mombasa yamechoka.

Udongo gani unafaa? Naweza kuchota nje ya nyumba?

Nje ya nyumba nyingi za hapa utachota mchanga na unga wa matumbawe, udongo wa chokaa ambao mimea ya misitu ya mvua haiupendi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo Rene Haller alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, miti mingi ilikataa, mvinje ukakubali. Ua lako halina ubavu wa mvinje. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa, una chumvi.

Sisi watu wa pwani tuna kitu ambacho wenzetu wanakinunua kwa bei kubwa kutoka ng'ambo, nacho ni makumbi. Lile ganda la nje la nazi, ukilipasua na kulitwanga, unapata usumba na vumbi lake. Vumbi hilo hushika maji kama sifongo, na usumba huacha nafasi za hewa. Lakini uliza yametoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa pwani ili yalainike kwa kusokota kamba yamejaa chumvi. Hata yaliyotoka shambani mimi nayaloweka siku tatu, kila siku nakamua na kubadilisha maji. Ya mwisho yakitoka karibu meupe, basi.

Mchanganyiko wangu wa kuotesha ni makopo mawili ya makumbi, kopo moja la mchanga wa mtoni uliooshwa, na nusu kopo la vipande vya mkaa vya ukubwa wa punje ya mbaazi. Mkaa uwe ule wa kupikia ambao haujawashwa, jivu usitie. Samadi haiingii hapa. Kipandikizi kisicho na mizizi hakina mdomo wa kulia, na samadi kwenye unyevu huu italeta kuvu kabla ya faida. Samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa nitaitia miezi miwili baadaye, wakati mmea umeshatoa jani jipya.

Ukinunua udongo wa gunia barabarani, fungua gunia uutazame na kuunusa. Niliwahi kuuziwa "udongo mweusi wa msituni" uliokuwa tope la mikokoni, mweusi kweli, laini, unapendeza mkononi. Ulipokauka ukatoa unga mweupe juu. Nilikuwa nimeshapanda kila kitu.

Lazima ninunue homoni ya mizizi? Je, asali, mdalasini na shubiri?

Kwa mani planti, hapana. Ina homoni zake. Ncha inayokua hutengeneza oksini, homoni ya kukuza mmea, na kuiteremsha chini, inafika kwenye mkato inakwama, na hapo mizizi huanza. Unga wa dukani una kemikali za jamii hiyo hiyo. Unasaidia kwa mashina magumu, mfano krotoni, na ukienda agroveti utaupata. Chovya ncha tu, ukung'ute unaobaki. Ukizidi, unaunguza.

Mdalasini wa jikoni hauoteshi mizizi, ila unazuia kuvu kidogo, na mimi hunyunyizia kwenye mkato wa sansiveria. Asali na utomvu wa shubiri nimejaribu vyote, chupa hii na ile bila kitu. Tofauti sikuiona. Asali iliwaita sisimizi.

Naishi ghorofa ya nne na roshani inapigwa na jua. Niweke wapi?

Ndani, hatua moja au mbili kutoka dirishani, mahali unapoweza kusoma gazeti mchana bila taa lakini jua lenyewe haligusi jani. Weka mkono wako hapo saa sita mchana: kivuli kikiwa na kingo kali, jua ni jingi mno, na kikiwa hafifu chenye kingo laini, hapo ndipo.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalitazami. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini. Mwezi wa Juni hupita upande wa kaskazini, yaani kwetu hapa upande wa kibla. Desemba hupita upande wa kusini. Roshani inayotazama kibla, ambayo Desemba ilikuwa kivuli kitupu, Juni inachomwa. Dada mmoja alinipigia akilia kwamba monstera yake "imerogwa" baada ya kukaa mahali pamoja miezi sita kwa raha. Haikurogwa. Jua lilihama, chungu kikabaki palepale.

Roshani inayotazama bahari ina tatizo la pili, upepo wa kusi unaobeba chumvi. Ukiona majani yana utando mweupe, yaoshe kwa maji matamu.

Kuna msimu mzuri wa kukata?

Mani planti hukubali mwezi wowote. Kwa mimea mingine napenda Juni na Julai, masika yakiwa yanaisha: mimea mama imeshiba, jua limepoa, hewa bado ina unyevu. Vuli pia ni nzuri. Mei, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote, usiweke miche chini ya mfereji wa paa, itaoza. Kaskazi kikikaza, Januari hadi Machi, nakata kidogo na naongeza kivuli.

Nitangoja muda gani?

Kwa joto la hapa, kwenye mikono yangu: mani planti wiki 2 hadi 3 kupata mizizi ya kuhamishika. Monstera wiki 3 hadi 5. Vipande vya shina la difenbakia wiki 3 hadi 6. Jani la sansiveria wiki 4 hadi 8 kwa mizizi, na miezi 3 au zaidi kwa mtoto wa kwanza. Zamiokulka inataka subira, nitaieleza chini.

Usivute kipandikizi kila siku kutazama kama kimeshika. Kila ukivuta, unakata vile vinywele vya mizizi ambavyo macho hayavioni.

Sansiveria yangu ina ukingo wa manjano. Mbona watoto wametoka kijani kitupu?

Kwa sababu uliotesha kwa jani. Ule ukingo wa manjano ni tabaka la seli tofauti na za kijani, zimekaa pamoja kwenye jani moja, lakini mtoto mpya huanza kutoka kwenye seli za ndani, za kijani. Ukitaka ukingo ubaki, gawa mmea: utoe chunguni, tafuta mtoto aliyeshikana na mama kwa shina la chini ya udongo, kata hapo, kila mmoja na mizizi yake.

Kwa sansiveria ya kijani, kata jani vipande vya sentimita 8 hivi. Weka alama upande wa chini, mimi hukata pembe kama mdomo wa samaki. Ukipanda kichwa chini, hakioti. Kisha viache kivulini siku 3 mkato ufunge. Watu wa pwani walisokota kamba kutokana na jamaa zake wa porini, nao ni mimea ya ukame. Kuipenda sana kwa maji ni kuiua.

Na zamiokulka, ile inayong'aa kama imepakwa mafuta?

Huu mmea ni wa kwetu, na nafurahi kila nikiusema. Asili yake ni mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya mpaka KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Umo katika misitu yetu ya pwani. Waholanzi waliuanza kibiashara miaka ya 1990, ukazunguka dunia, na sasa tunaununua Nyali kama mgeni.

Porini, kiangazi kikikaza, huangusha vijani vyake, yaani yale majani madogo madogo ya kwenye tawi, na kila kijani kikigusa ardhi huunda kiazi kidogo kwenye mguu wake. Sisi tunaiga hivyo tu. Chuma kijani kimoja kwa mguu wake, kiache kivulini siku moja, chomeka theluthi moja kwenye mchanganyiko mkavukavu, nyunyizia mara moja kwa wiki au siku 10. Baada ya miezi 2 au 3 ukikivuta taratibu utakuta kiazi cha ukubwa wa dengu, cheupe kama lulu, kina mizizi miwili au mitatu. Chipukizi lenyewe linaweza kungoja miezi 6 hata mwaka. Kijani cha juu kikikauka usitupe chungu. Kiazi kipo hai chini, na siku usiyoitarajia utaona ncha ya kijani imetoboa udongo.

Sentipolia, ile inayoitwa African violet, nayo huoteshwa kwa jani, pamoja na kikonyo cha sentimita 3. Ni mzaliwa wa upande wetu pia: Walter von Saint Paul-Illaire aliikuta karibu na Tanga, 1892, na jina lake limebaki kwenye ua. Ila hupenda ubaridi wa milima, na kiangazi cha Mombasa huidhoofisha. Anayeitaka aiweke chumba kilichopoa kuliko vyote.

Kipandikizi kimelainika na kunuka. Kinaweza kuokolewa?

Mara nyingi ndiyo, ukiwahi. Kata juu ya palipooza mpaka uone nyama ya kijani au nyeupe isiyo na doa. Futa kisu kwa spiriti kila unapokata, la sivyo unabeba uozo kwenda nao juu. Kikibaki kifundo kimoja kizima, anza upya kwenye chupa iliyooshwa kwa sabuni. Kikiwa kwenye udongo, sababu ni maji. Tia kidole mpaka pingili ya pili, na kikitoka na udongo ulioshikana, usinyweshe leo.

Wadudu weupe kama pamba kwenye kwapa za majani, wapanguse kwa pamba yenye spiriti, urudie baada ya wiki.

Nihamishe lini kutoka chupani kwenda chunguni?

Mizizi ikifika sentimita 5 na imeanza kutoa matawi. Ukingoja mpaka ijae chupa, imeshazoea maji na itasumbuka kwenye udongo. Panda jioni. Wiki ya kwanza udongo uwe na unyevu zaidi kidogo kuliko kawaida, kisha punguza polepole. Jani moja kulegea siku mbili za mwanzo si msiba. Chungu kiwe kidogo na kiwe na tundu chini, kwani kopo la rangi lisilo na tundu ni kisima.

Nina watoto wadogo na paka. Kuna hatari?

Ipo. Mani planti, monstera, difenbakia na zamiokulka ni ukoo mmoja na majimbi. Unajua jimbi bichi linavyowasha mikono na koo? Ni fuwele zile zile, kama sindano ndogo ndogo. Difenbakia ni kali zaidi, inaweza kuvimbisha ulimi. Chupa ziwe juu, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kukata, na usijisugue macho. Mtoto akitafuna, mtoe vipande mdomoni, msuuze, na akivimba au akipumua kwa shida mkimbize hospitali.

Shangazi yuko Muscat, ataka kuniletea vipande kwenye begi. Inaruhusiwa?

Bila kibali, hapana. Mmea wowote unaoingia Kenya unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi unakotoka. Najua inaonekana ni jambo kubwa kwa kijiti kimoja, lakini sisi wa Mombasa tuna sababu ya kulielewa. Mrashia, mti huu ambao watu wa Baringo wanauita mathenge, uliingia nchini 1973 kwa ajili ya machimbo ya hapa hapa kwetu, kwa nia njema kabisa. Leo umemeza malisho ya watu kaskazini mwa nchi.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukipogoa mani planti usitupe vipande porini wala kando ya msitu. Kwenye nchi nyingine za joto imetoroka bustanini ikapanda miti na kuifunika. Misitu ya kaya za Mijikenda imebaki vipande vidogo, na kifundo kimoja chatosha kuanza. Vianike juani mpaka vikauke kabisa, ndiyo utupe.

Na asumini na mrehani za bibi, nazo huoteshwa hivi?

Mrehani ni rahisi kuliko yote. Kata ncha ya urefu wa kiganja kabla haijatoa maua, tia majini, ndani ya siku 7 hadi 10 ina mizizi. Bibi yangu alikuwa akichuma ya kuweka kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, na vijiti vilivyobaki anavitia kwenye kopo la maji jikoni. Sikuwahi kumsikia akiita hilo utaalamu.

Asumini kwa mkato hukubali kwa shingo upande. Yeye alikuwa na njia yake, nami ndiyo ninayoitumia. Tawi refu la chini, likiwa bado kwenye mama yake, liiname mpaka lifike ardhini au kwenye chungu cha pembeni. Kwangua ganda kidogo chini ya kifundo, fukia hapo, weka jiwe juu lisiinuke, ncha ibaki nje inatazama juu. Linanyonya kwa mama huku linajitafutia mizizi yake. Baada ya wiki 6 hadi 8 livute taratibu. Likikataa kutoka, limeshika. Kata upande wa mama, liache palepale wiki moja nyingine lizoee, kisha lihamishe jioni, na siku hiyo usichume ua hata moja.